Mheshimiwa, Ulipiga Kura Vipi?

Klipu yenyewe unaijua. Mheshimiwa wa upinzani anainuka, anakaza tai, anamshukuru Spika kwa nafasi, kisha sauti inapanda. Wazee wetu wanalala njaa! Unga haushikiki! Mafuta ya taa siku hizi ni kama manukato! Pesa za Inua Jamii zimechelewa tena! Wenzake wanapiga miguu sakafuni. Kijana anayemsimamia mitandao anakata sekunde hamsini, anaweka kinanda cha huzuni chini ya sauti, na kabla jua kuzama imeshafika kwenye magrupu yote ya familia. Shangazi ameandika "Mungu akulinde mwanangu." Mtu ameweka moto tatu.

Mimi hiyo klipu imenichosha, na acha niseme kwa nini. Si kwamba ni uongo. Kila neno ndani yake ni kweli. Lakini mbunge hakuajiriwa kutueleza kwamba unga ni ghali, sisi ndio tunaununua. Mama mboga anajua bei ya nyanya kuliko kamati yoyote ya Bunge. Mbunge tumempa kitu ambacho mama mboga hana, nacho ni kura juu ya ushuru na juu ya bajeti. Kwa hivyo mtu akinionyesha klipu siku hizi ninamuuliza swali moja tu: alipiga kura vipi?

Tuanze na pesa zenyewe, kwa sababu wengi wetu wa mjini tunasikia "Inua Jamii" kama jina la chama cha akina mama. Ni mpango wa serikali wa kuwapa pesa watu wasiojiweza, na tangu 2018 kila Mkenya aliyetimiza miaka 70 na asiye na pensheni ya serikali anastahili kuingia. Anapata shilingi 2,000 kwa mwezi. Zilikuwa zikilipwa kwa pamoja kila miezi miwili, yaani 4,000, zikikumbukwa. Hiyo 2,000 haijasogea kwa zaidi ya miaka kumi. Ilikuwa 2,000 wakati wa Kibaki, ikawa 2,000 wakati wa Uhuru, imeendelea kuwa 2,000 chini ya Ruto.

Sasa chukua kalamu. Bei zikipanda kwa asilimia sita kwa mwaka, ambacho ndicho kiwango cha kawaida hapa kwetu kwa muda huo wote, miaka kumi na miwili inatosha kula nusu ya thamani ya shilingi. Mzee anashika noti zilezile lakini mkononi ana buku moja. Hakuna mbunge aliyesimama kupendekeza kwamba wazee wakatwe nusu, angepigwa mawe. Wamefanya kwa njia safi zaidi: kila Juni bajeti inapita bila mtu kuigusa ile 2,000, na kutoigusa ndiko kuipunguza. Upande wa serikali ukiketi, upande wa upinzani ukiketi, punguzo likipita bila hata mtu mmoja kusema "La."

Halafu kuna hii hesabu nyingine ambayo hunifanya nicheke vibaya. Katiba ya 2010, Kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo ya kutosha kutoka kwa familia na kwa Serikali. Kifungu cha 260 kinamtaja mzee kuwa mtu aliyezidi miaka 60. Lakini pesa zinaanza 70. Hiyo miaka kumi katikati, wewe ni mzee kwa Katiba na kijana kwa Hazina ya Kitaifa. Na kutokana na sensa ya 2019, mtoto wa kiume anayezaliwa Kenya anatarajiwa kuishi takriban miaka 60, wa kike 66. Yaani aliyepanga huo umri alipanga na makaburi.

Shosho yangu alifika. Ana miaka 78, anaishi juu huko karibu na Kangema, na amechuma majani chai tangu kabla mama yangu hajazaliwa. Siku pesa zikiingia, anapanda boda hadi kituoni kwa wakala wa benki, 150 kwenda na 150 kurudi. Huko kuna mashine ya alama za vidole, na mashine haimtambui. Anafuta kidole kwa leso, anaweka tena. Anaweka cha pili. Karani anamwambia apumzike kidogo, ajaribu baadaye, na kuna siku "baadaye" ilikuwa kesho, boda nyingine 300. Nilimuuliza tatizo ni nini akanijibu, "Hiyo mashine inataka vidole vya mtu wa ofisi, mjukuu wangu. Mimi vyangu niliviacha kwa majani chai."

Zikitoka hizo 4,000, anazipanga mezani kama mtu anayecheza karata. Boda ameshalipa. Dawa za presha za miezi miwili, elfu moja na kitu. Mafuta ya taa, kwa sababu stima ilifika kwa jirani ikachoka. Unga, sukari, sabuni, mafuta ya kupikia yale ya kupimiwa. Sadaka shilingi mia, na hiyo usijaribu kumwambia apunguze, utaondolewa nyumbani. Wiki ya tatu ya mwezi wa kwanza meza ni tupu. Na hapo bado wiki tano.

Nani anajaza hizo wiki tano? Wewe. Mimi. Binamu yangu anayeuza nguo za mtumba Gikomba. Hii ndiyo sehemu ambayo vijana wa mjini hatuisemi vizuri. Tunaichukulia klipu ya wazee kama jambo la huruma, kitu cha kusikitikia halafu upite, ilhali ni bili yetu. Serikali ilitazama gharama ya kumtunza mzee, ikalipa kipande, kilichobaki ikatuma kwa M-Pesa yako bila kukuuliza. Kila mwisho wa mwezi, mimi na kazi zangu za mtandaoni zinazolipa leo na kesho kunyamaza, ninakuwa Hazina ya Kitaifa, tawi la Eastlands. Rafiki zangu wenye kazi za mshahara wanakatwa asilimia 1.5 ya nyumba, 2.75 ya bima ya afya, wakimaliza kukatwa wanaanza kupigiwa simu na nyumbani. Ndiyo maana msee wa miaka 29 bado analala kwenye kitanda cha futi tatu na nusu. Sio avokado. Ni kwamba anabeba nusu ya pensheni ya watu wanne.

Kwa hivyo mtu akija kutetea wazee Bungeni, anatetea mfuko wangu pia, na nina haki ya kukagua hiyo kazi.

Tukague basi. Juni 2023 Mswada wa Fedha ulipofika Bungeni, ndani yake kulikuwa na pendekezo la kupandisha VAT ya mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Hii si lugha ya wahasibu pekee. Mafuta yakipanda, boda ya shosho inapanda, lori la unga linapanda, matatu yako inapanda, na yeye hana mahali pa kupandisha. Wakati huo Azimio ilikuwa na wabunge zaidi ya 150 katika Bunge la Taifa. Miezi mitatu kabla, viongozi wake walikuwa barabarani kwa sababu ya gharama ya maisha, watu wakiwa wamevaa sufuria kichwani, na kuna waliokufa katika maandamano hayo. Kura ilipopigwa, waliosema ndiyo walikuwa 184. Waliosema la walikuwa 88.

Rudia hiyo namba. Themanini na wanane.

Serikali ilikuwa na wingi, sawa, huenda ingeshinda tu. Lakini upande uliokuwa na zaidi ya watu 150 na sufuria zote hizo ulileta 88, na wengine ama walikuwa upande wa pili wa kura au walikuwa popote pale isipokuwa kwenye viti vyao. Kufikia Septemba mwaka huohuo, petroli na mafuta ya taa yote yalikuwa yamevuka shilingi 200 kwa lita hapa Nairobi. Na tusisahau kwamba mafuta ya taa yalikuwa tayari yamebebeshwa ushuru wa shilingi 18 kila lita tangu 2018, ati ili wafanyabiashara wasiyachanganye na dizeli. Mwizi anachakachua dizeli, faini analipa nyanya mwenye koroboi. Klipu za kulia juu ya bei ya mafuta ziliongezeka sana Septemba hiyo. Ningependa kuona kila moja ikiwa na maandishi madogo chini: huyu Juni alikuwa wapi.

Watu watasema, lakini anaposimama si anaisukuma serikali? Hebu tuangalie kinachofanyika baada ya klipu kuisha. Mara nyingi alichofanya Mheshimiwa ni kuomba Kauli. Kwa Kanuni za Kudumu, Spika anamwelekeza mwenyekiti wa kamati husika alete jibu, kwa kawaida baada ya wiki mbili. Kamati inaandikia wizara. Wizara inaandika kwamba inalifahamu jambo hilo, kwamba malipo yalichelewa kwa sababu Hazina haijatoa fedha, na kwamba yatafanyika fedha zikipatikana. Mwenyekiti anasoma, Mheshimiwa anashukuru, hoja imekwisha. Hiyo sehemu ya pili huwa haina kinanda wala haifiki kwa shangazi. Na haina kosa kisheria, ni utaratibu halali kabisa wa kupokea jibu ambalo kila mtu alilijua kabla ya kuuliza.

Linganisha na jinsi wanavyofanya wakitaka kitu kweli. Mwaka 2020 Bunge la Taifa lilipitisha mswada wa kuwalipa wabunge wa zamani, wale waliohudumu kati ya 1984 na 2001, pensheni ya shilingi 100,000 kwa mwezi kila mmoja. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya huruma: wazee hawa walitumikia taifa, wengine wanaishi kwa shida. Aliyeudhamini alikuwa John Mbadi, wakati ule Kiongozi wa Wachache. Umeona? Mbunge wa upinzani, anatetea wazee, Bungeni, kwa mswada wenye namba na vifungu na kiasi. Hakuomba Kauli! Ulipita, na ni Rais Uhuru Kenyatta aliyekataa kutia sahihi. Mzee mmoja wa daraja hilo angelipwa sawa na wazee hamsini wa daraja la shosho. Na kuanzia Agosti 2024, Mbadi huyohuyo ndiye Waziri wa Fedha, ndiye anayeshika kalamu ya ile 2,000. Simsingizii nia mbaya. Ninasema tu kwamba anajua njia ya kufikisha mzee kwenye pensheni, alishaipita.

Au chukua Julai 2025. Wabunge waliamua wanataka NG-CDF iingie kwenye Katiba ili mahakama zisiwasumbue tena. Kubadilisha Katiba kunahitaji theluthi mbili, kura 233 kati ya 349, na kwa mambo yetu hizo kura huwa hazipatikani hata kwa tochi. Siku hiyo zilipatikana na zikapita kiwango kwa mbali. Serikali, upinzani, waliogombana, waliotukanana kwenye mazishi, wote walikuwemo ndani ya ukumbi. Hakuna aliyekwama kwenye jam.

Hapa mtu ataniuliza: upinzani upi hasa? Swali zuri. Tangu Agosti 2024 makada wa ODM wameingia Baraza la Mawaziri, na Machi 2025 Raila Odinga na Rais walitia sahihi makubaliano ya kufanya kazi pamoja, ilhali kiti cha Kiongozi wa Wachache kimebaki kwa chama hichohicho. Yaani mwenye kazi ya kuikaba serikali shingoni anakula naye sahani moja. Wamebaki wachache wanaopinga mmoja mmoja, na wengine wanapinga kwa sababu tu bado hawajaitwa mezani. Katika hali hiyo klipu inakuwa na thamani kubwa zaidi, kwa sababu ndiyo ushahidi pekee kwamba mtu ni mpinzani. Zamani upinzani ulikuwa mahali unapoketi. Sasa umekuwa maudhui.

Nikubali jambo moja ili nisionekane ninapiga kelele tu. Kifungu cha 114 cha Katiba kinamfunga mikono mbunge mmojammoja: mswada wa pesa hauwezi kuendelea bila mapendekezo ya kamati husika, nayo lazima izingatie maoni ya Waziri wa Fedha. Huwezi kuamka asubuhi ukapandisha Inua Jamii hadi 4,000 peke yako. Lakini makadirio ya bajeti yanafika Bungeni mwisho wa Aprili, na kati ya hapo na mwisho wa Juni kamati zinayachambua na kuhamisha mabilioni kutoka fungu hili hadi lile. Zinafanya hivyo kila mwaka. Mbunge anaweza kupeleka pendekezo kwa maandishi kwamba safari za nje zipungue na malipo ya wazee yapande kulingana na mfumuko wa bei. Akikataliwa, akataliwe kwa kura, majina yaandikwe, tuyasome. Hata kushindwa kuna faida ukishindwa mahali panapoandikwa. Na siku hizo za Mei ndizo klipu huwa chache zaidi, ukichunguza.

Maana kuna msimu mwingine ambao bei hushuka yenyewe, kimiujiza. Mei 2017 serikali ilileta unga wa ruzuku, pakiti ya kilo mbili shilingi 90. Uchaguzi ulikuwa Agosti. Julai 2022 pakiti iliyokuwa imevuka 200 ilishushwa hadi 100. Uchaguzi ulikuwa Agosti. Kura zilipokwisha kuhesabiwa ruzuku ikakatwa, unga ukarudi ulikotoka. Mahindi ya nchi hii yanaijua kalenda ya IEBC. Na 2027 ikikaribia, nawahakikishia utasikia wazee wakitajwa hadi wenyewe washangae.

Najua pia kuna wale wa mbogi yetu wanaosema wazee wajipange, si ndio waliowachagua hawa watu kwa fulana na leso. Nimeisikia, na Juni 2024 niliisikia sana. Wazazi walitukataza kwenda mjini, sisi tukaenda. Lakini kumbuka kilichotuokolea mkate. VAT ya asilimia 16 kwa mkate iliondolewa kwenye mswada Juni 18, siku ileile vijana walipoanza kuingia mitaani, na wiki moja baadaye wabunge 195 bado waliupitisha huo mswada dhidi ya 106, muda mfupi kabla ya vijana kupigwa risasi nje ya Bunge. Ule mkate shosho anaula na chai. Hakuwahi kutuma kijana yeyote kuutetea, na ulitetewa. Sioni sababu ya kuanza kubagua sasa ati kwa kuwa alivaa fulana ya mtu 2013.

Walimu waliostaafu wanaodai pesa zao za makubaliano ya mishahara ya 1997 walishinda kesi mahakamani mwaka 2008. Wamekuwa wakitajwa Bungeni tangu wakati huo, kwa hisia, na serikali na upinzani kwa zamu. Wengi wamekufa wakiwa na hukumu mkononi.

Mwezi uliopita nilipata namba ya ofisi ya mbunge mmoja wa upinzani, mwenye mojawapo ya hizo klipu nzuri, jina nitaliacha. Nilimwandikia ujumbe kwa adabu zote. Nilimuuliza alipiga kura vipi kwa VAT ya mafuta Juni 2023, au kama hakuwepo, alikuwa wapi. Nikamuuliza kama amewahi kupeleka kwa Kamati ya Bajeti pendekezo lolote la maandishi kuhusu ile 2,000, nione nakala. Na kwa kuwa mshahara wake unaozidi laki saba unapangiwa nyongeza na tume, nikamuuliza kama angeunga mkono sheria inayosema malipo ya wazee yapande kila mara mshahara wa mbunge unapopanda, kwa asilimia ileile, siku ileile.

Jibu lilikuja baada ya siku nne, kutoka kwa msaidizi wake. Alinishukuru kwa kuwasiliana na ofisi ya Mheshimiwa, akaniomba nitume jina kamili, kata, namba ya kitambulisho na barua ya chifu, ili niwekwe kwenye orodha ya basari.